Chora mzunguko wa kalsiamu kwenye seli ya moyo

Karibuni. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Mombasa, leo tunachora jinsi kalsiamu inavyoukaza moyo na kuulegeza. Laza karatasi ya A4, shika kalamu nne: nyeusi, buluu, nyekundu, kijani.

Hatua ya kwanza. Kwa nyeusi, chora mstatili mrefu. Huo ni utando wa seli. Ukuta wa juu uzamishe ndani mfano wa kidole: huo ni mfereji T. Ubavuni mwake chora mfuko uliofungwa, yaani retikulamu ya sakoplazima, ghala la kalsiamu. Usiuweke mbali! Pengo lenyewe ni kama nanomita 12 tu, na likipanuka ujumbe haufiki vizuri.

Hatua ya pili, namba kabla ya mishale. Nje, kalsiamu huru ni kama milimoli 1.2 kwa lita. Ndani, seli ikipumzika, nanomoli 100 hivi. Zaidi ya mara elfu kumi. Ndiyo maana kalsiamu huingia bila kusukumwa.

Hatua ya tatu, na hapa twende polepole. Kwa buluu, panga chaneli za kalsiamu za aina ya L (milango ya utandoni inayofunguliwa na umeme) kwenye mfereji T. Umeme ukifika na utando ukapita milivolti -40, zinafunguka. Inayoingia ni kidogo, haitoshi kukaza seli. Kazi yake kubwa ni kuvigusa vipokezi vya rayanodini, yaani milango ya kalsiamu ukutani mwa ghala. Navyo vikifunguka, kalsiamu inamwagika kama abiria wa feri ya Likoni geti likifunguliwa. Wengi hukosea kwa kuchora chaneli ikikivuta kipokezi moja kwa moja. Hiyo ni misuli ya mifupa. Moyo haukazi bila kalsiamu ya nje: daktari Sydney Ringer alilionyesha hilo London mwaka 1883, mioyo ya vyura ilipoacha kupiga kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu.

Hatua ya nne, nyekundu. Kalsiamu inashika protini ya troponini C, tropomiosini iliyoifunika aktini inasogea, nyuzi za miosini zinazivuta nyuzi za aktini kwa kutumia ATP, nishati ya seli. Basi, tupite.

Hatua ya tano, kijani: kulegea. Msipapuuze hapa, moyo dhaifu mara nyingi hushindwa papa hapa. Mshale mnene ni pampu ya SERCA, inayorudisha ghalani karibu asilimia 70 ya kalsiamu. Mwembamba ni kibadilishaji cha sodiamu na kalsiamu cha utandoni: ioni 3 za sodiamu ndani, 1 ya kalsiamu nje. Kando ya SERCA andika fosfolambani, kizuizi chake. Adrenalini husababisha fosfolambani itiwe fosfeti, kizuizi kinaondoka, na moyo unakaza kwa nguvu zaidi na kulegea upesi.

Sasa upime mchoro wako kwa digoksini, dawa ya moyo inayozuia pampu ya sodiamu na potasiamu. Ongeza pampu hiyo utandoni, kisha ikate kwa mstari kuonyesha imezuiwa. Sodiamu inapanda ndani, kibadilishaji kinazubaa, kalsiamu inabaki, ghala linajaa, pigo linapata nguvu. Dozi ikizidi, ghala huvuja kati ya mapigo. Kibadilishaji kikiitoa kalsiamu hiyo huingiza chaji chanya 1 ya ziada kila mzunguko, na chaji hizo zikitosha huzusha pigo kabla ya wakati wake. Mshale wa uvujaji huo uchore kwa vitone, maana katika moyo wenye afya hautakiwi kuwepo.