Tundu la Nne

SHEE: Assalaam alaykum wasikilizaji. Kishindo hicho mlichosikia ni shangazi yangu ameweka tufe mezani. Shikamoo, shangazi.

BI RUKIA: Marahaba, mwanangu. Litie tambara chini lisiviringike. Likikuangukia mguuni, kipindi kimekwisha.

SHEE: Tuko barazani Langoni, Lamu. Mkisikia punda, mtuwie radhi. Hili ni tufe la bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe kwenye leni, njia ndefu nyembamba, liangushe pini 10 zenye umbo la chupa zilizosimama mwisho. Kwetu hapa haupo, lakini Bi Rukia alipokuwa Columbus, Ohio, alicheza ligi miaka 6. Na juzi aliniambia jambo likanikaa rohoni: kwamba timu yake iliwahi kunyang'anywa ushindi kwa ajili ya tundu.

BI RUKIA: Tundu moja. Pitisha kidole hapa ubavuni. Unalihisi? Limezibwa sasa.

SHEE: Nalihisi. Kama kovu.

BI RUKIA: Ilikuwa 2021. Nililinunua kwa fundi mmoja wa kutoboa matufe, limeshatumika, bei ya kunifaa. Lilikuwa na matundu manne: mawili ya vidole, moja la gumba, na hilo la nne lisiloingia kidole. Nikamwuliza, akaniambia halina neno. Tukacheza michezo miwili, tukashinda yote miwili. Kapteni wa wapinzani akaja, akalitazama, akahesabu, akamwita msimamizi wa ligi. Michezo ikafutwa palepale. Wenzangu watatu walikuwa wamecheza kwa matufe halali, wao hawakuwa na kosa. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

SHEE: Lakini tundu lisiloingia kidole lina kazi gani?

BI RUKIA: Hapo ndipo penyewe. Tufe si jiwe moja, Shee. Ndani lina kiini kizito, na kwa matufe ya kisasa kiini hicho mara nyingi hakikuundwa duara. Wewe umepanda mashua za mashindano, unaijua farumi.

SHEE: Mifuko ya mchanga. Nahodha akiisogeza hatua moja tu, chombo kinabadilika tabia.

BI RUKIA: Basi ni hivyo. Ukitoboa ubavuni unapunguza uzito upande ule, na tufe linajizungusha vingine. Sasa leni ina futi 60 toka mstari wa kutupia hadi pini ya kwanza, na sehemu kubwa ya mwanzo imepakwa mafuta. Tufe linateleza juu ya mafuta huku likizunguka, likifika pakavu linashika, linakata kona na kuingia kwenye pini. Kona ile ndiyo roho ya mchezo. Fundi hodari akikupimia tundu la nne, aliweza kuifanya kona iwe kali au ipoe, mkono wako haujafanya chochote cha zaidi.

SHEE: Wakalipiga marufuku.

BI RUKIA: USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, walilifuta tangu Agosti 1, 2020. Kila tundu lazima lishikiwe kwa kidole, na katika kila mtupo. Matundu ya kushikia yasizidi matano, na lisilotumika lizibwe. Mimi nilinunua mwaka mmoja baadaye, sheria ishaandikwa.

SHEE: Je, wale wanaotupa kwa mikono miwili? Nilimwona Mwaustralia mmoja, Jason Belmonte, gumba hatii kabisa.

BI RUKIA: Haina shida, maadamu tufe lake halina tundu la gumba. Likiwepo na yeye halitii gumba, linahesabiwa kama lile langu. Tufe haramu.

SHEE: Shangazi, niache nikubishie. Katika ligi yenu mtu alikuja na matufe mangapi?

BI RUKIA: Wengine manne. Moja la leni yenye mafuta mengi, jingine la leni kavu, jingine la kumalizia pini zilizobaki.

SHEE: Haya. Mwenye uwezo akinunua manne anapewa njia. Mwenye tufe moja akilitoboa limfae zaidi, anaadhibiwa. Hiyo ni haki?

BI RUKIA: Hilo nakukubalia, na liliniuma wakati ule. Watu wengi walikuwa na matufe yenye tundu la mizani, yaani tundu kama lile langu la nne, na kila mmoja ikabidi atoe pesa aende kuziba. Ila jua kwamba walipofunga mlango ule walifungua mwingine. Zamani tofauti ya uzito baina ya ubavu mmoja na wa pili haikuruhusiwa kupita aunsi 1. Sasa ni aunsi 3, yaani kama gramu 85. Kwa hiyo fundi bado ana nafasi ya kukupangia tufe, kwa pale anapotoboa matundu ya vidole. Na msimamizi anaona kwa macho, anahesabu tu.

SHEE: Na uzito wote?

BI RUKIA: Usizidi ratili 16, kilo 7 na robo hivi. Chini hakuna kikomo. Hili langu ni ratili 12. Kipenyo ndicho kimebanwa: toka sentimita 21.59 hadi 21.83. Tofauti haifiki hata milimita 3.

SHEE: Kwenye keram ya ubaoni pia, straika, ile kete ya kupigia, haipiti gramu 15. Mtu akija na yake nzito barazani, tunaitoa.

BI RUKIA: Umeona! Hamkungoja chama kiwafundishe. Lakini sheria ninayoipenda kuliko zote ni ya ugumu. Mwaka 1973 kulikuwa na bingwa wa kulipwa, Don McCune, aliyegundua kwamba tufe la plastiki likilowekwa kwenye kemikali kali, ngozi yake inalainika na kushika leni sana. Alishinda mataji 6 mwaka ule, akawa mchezaji bora wa mwaka. Wala hakuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuwapo.

SHEE: Wengine wakaiga.

BI RUKIA: Wakawa wanaloweka kwenye ndoo, na kemikali zile zinashika moto, mvuke wake ni sumu. Ndipo ukawekwa ugumu wa chini kabisa. Kuna kipimo chenye sindano, wanakikandamiza juu ya ngozi ya tufe, nacho kinatoa namba. ABC, chama kilichoitangulia USBC, kiliweka 72. Chini ya hapo tufe halikuchezwa. Hiyo siyo sheria ya kubania watu, Shee. Ililinda mapafu ya watu.

SHEE: Na ukitaka kulisugua kwa msasa katikati ya mchezo?

BI RUKIA: Haramu. Msasa ni wakati wa mazoezi, kabla pointi hazijaanza kuhesabiwa. Hata dawa ya majimaji ya kusafishia, tangu Agosti 2019 huitumii mchezo ukishaanza. Kitambaa kikavu tu.

SHEE: Kwa hiyo ulipoziba hili tundu ulirudi ligi?

BI RUKIA: Wiki ya pili yake. Fundi mwingine alilijaza resini, akalisawazisha, akalipima upya kwenye mizani, kwa sababu ukiziba umeongeza uzito na hesabu ya zamani imekufa. Kabla ya kucheza nikamfuata kapteni yule yule mwenyewe. Nikamwambia, hesabu.

SHEE: Akahesabu?

BI RUKIA: Akahesabu, akatia na kidole. Matatu. Akanipa mkono.

SHEE: Niache nilinyanyue. Ah! Gumba langu halipiti.

BI RUKIA: Litapitaje? Tundu hilo linakaa gumba langu, si lako. Liweke chini polepole, kwenye tambara.