Chaji Inapotelea Wapi?

Ndugu mafundi, madereva, na nyie vijana mlioshika daftari huko nyuma, nashukuru kwa kufika. Naongea kidogo, kisha tunafungua boneti.

Mwezi wa saba hapa Mbeya kila gereji inaletewa kesi ileile. Pikapu imelala nje, asubuhi stata inalia tik-tik, dereva anasema betri imekufa. Fundi anakubali, inanunuliwa N70 mpya, ile betri ya ampea-saa 70, na baada ya wiki chache gari limerudi palepale. Baridi ina lawama yake: betri hupungukiwa nguvu, oili ya injini inakuwa nzito, na betri dhaifu inaumbuka. Lakini baridi haili chaji. Betri mpya ikizimikazimika, ama haijazwi, ama kuna kitu kinainywa usiku. Yote mawili yanapimika.

Betri iliyojaa, gari likiwa limelala, inasoma volti 12.6 hivi. Ukikuta 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vingine vyote vitakudanganya. Mwenzako akipiga stata, isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, ongeza resi kidogo: ipande kati ya 13.8 na 14.7. Ikipita 15, kata-auti, yaani kidhibiti cha volti za chaji, imeharibika na betri itachemka. Ikigoma kupanda, tazama mkanda, halafu tazama taa ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha oltaneta, ile jenereta inayochaji betri, unapitia hapo, kwa hiyo balbu ndogo ikiungua unaweza kukosa chaji kabisa. (Pikapu mpya zenye kompyuta huishusha chaji zenyewe betri ikishajaa, msizihukumu haraka.)

Sasa tuje kwenye kesi inayowatesa wengi. Chukulieni pikapu inayoshusha viazi kutoka Isyonje. Ukipima kwenye oltaneta yenyewe, kati ya skrubu ya B, pale chaji inapotokea, na bodi yake, unapata 14.4. Kwenye betri inafika 13.1. Volti 1.3 zimekwenda wapi? Acha injini iungurume, washa taa kubwa na feni ya ndani, maana waya usiobeba mzigo hauonyeshi ugonjwa wake. Ncha moja ya multimita weka kwenye skrubu ya B, nyingine kwenye nguzo chanya ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye temino. Umesoma 0.2: njia hiyo haina neno. Hamia upande wa pili, bodi ya oltaneta na nguzo hasi. Umesoma 1.1. Mwizi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi nguzo hasi kupitia bodi na chasisi.

Kwa huku kwetu athi ndiyo ninayoishuku kwanza. Mvua za Tukuyu na tope la barabara za mashambani zinakula pale waya unapofungwa kwenye chasisi. Au mtu kashusha injini, kairudisha, akasahau ule waya wa athi wa injini. Au kapaka rangi kisha akafunga juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, pima tena. Oltaneta haijaguswa na gari limepona.

Na jamani, acheni kuchomoa temino ya betri injini ikiunguruma eti mnapima oltaneta! Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kufumba na kufumbua, na zinaondoka na daodi za oltaneta, zile zinazoupitisha umeme upande mmoja tu, au kompyuta ya gari. Mzee mwenye pikapu ya zamani atakwambia yeye amefanya hivyo miaka yote. Ndiyo, gari lake halina kompyuta.

Wenye Hilux za dizeli, zile za injini ya 2L na 3L, nyuma ya oltaneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani na kulowesha brashi za kaboni, chaji inakatikakatika. Mkanda ukikatika unapoteza chaji na wepesi wa breki kwa pamoja. Fikirieni hilo mkiwa na mzigo mnateremka Mlima Nyoka.

Kuna aliyeuliza: chaji iko sawa, lakini gari likilala siku tatu haliwaki. Huyo ananyonywa usiku. Zima kila kitu, funga milango, chomoa temino hasi, unganisha multimita kwenye ampea kati ya temino na nguzo. Usithubutu kupiga stata hapo. Subiri kama nusu saa gari litulie. Ikibaki miliampea 50 au pungufu, ni kawaida. Ikibaki nusu ampea, kwa saa 72 umeliwa ampea-saa 36, zaidi ya nusu ya N70. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ianguke; saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mnyonyaji. Fyuzi zikiisha bila namba kuanguka, chomoa waya wa B wa oltaneta: daodi mbovu huvujisha umeme kurudi nyuma. Mara nyingi, lakini, ni redio au taa za ziada zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi.

Haya, tusogee kwenye ile pikapu nyeupe. Mwenye gari, zima redio kwanza.