Kiazi cha Yungiyungi Hakizikwi

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni. Kaka Baraka, naona leo umekuja na bakuli la maji. Ndani kuna kitu kinaelea, cheusi, ukubwa wa korosho hivi, kina vinyweleo.

BARAKA: Hicho ndicho kiazi cha yungiyungi, dada. Yungiyungi jekundu la kwenye tangi la samaki, kitaalamu Nymphaea zenkeri. Watu wakikikuta dukani ndani ya pakiti hudhani kimetoka Ulaya, kumbe ni mmea wa Afrika, kule magharibi. Hilo jina "zenkeri" limetokana na Georg Zenker, Mjerumani aliyekusanya mimea Kamerun.

ZUHURA: Mimi nilinunua kimoja mwaka jana. Nikafanya kama tulivyokuwa tukipanda viazi kwa bibi: nikachimba mchanga, nikakifukia chote. Wiki ya tatu maji yakaanza kunuka. Nilipokitoa kikabonyea mkononi, ndani ni uji mtupu. Samaki walikuwa wamepanda juu wanatafuta hewa.

BARAKA: Pole sana. Hapo kilichokiua ni kule kufukiwa. Chini ya mchanga hewa ni haba, kinaoza kabla hakijachipua. Kiache kielee siku kadhaa, kikishiba maji kitazama chenyewe. Kikizama, kilaze juu ya mchanga ukibonyeze kidogo tu, kama theluthi yake iingie. Mizizi itajitafutia njia. Joto linalokifaa ni nyuzi 24 hadi 28, na hapa Dar tunalo bila hita.

ZUHURA: Huwa kinachukua muda gani?

BARAKA: Kingine siku chache, kingine wiki tatu. Ukiona ukungu mweupe usikitupe! Kipanguse kwa vidole, kioshe, kirudishe. Maadamu ni kigumu, kiko hai.

ZUHURA: Hiki changu cha pili kimekubali. Majani mekundu yenye madoa ya zambarau, mazuri ajabu. Ila sasa yanakimbilia juu, yameanza kutanda usoni mwa maji.

BARAKA: Yakate. Shuka na mkasi hadi chini, karibu na kiazi. Ukikata kila linaponyanyuka, mmea unarudi kutoa majani mafupi ya chini, unakuwa kichaka. Ukiyaacha yatakinga mwanga na mimea mingine itadhoofika.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe kabisa. Mimi nimeyaacha matatu, kwa sababu nataka ua. Bila majani ya juu ua hulipati.

BARAKA: Hiyo kweli, dada. Basi acha hayo matatu, mengine kata. Na uchomeke kidonge cha mbolea mchangani karibu na mizizi, maana huyu ni mlaji.

ZUHURA: Tuje kwenye kuzalisha. Kando ya kiazi changu kumetokea kitoto.

BARAKA: Kina majani mangapi?

ZUHURA: Mawili.

BARAKA: Kingoje. Kikifikisha manne au matano, na mizizi yake mwenyewe uione, myeupe, ndipo utenganishe. Shika pale kinapoungana na kiazi, bana kwa kucha, kitaachia. Hicho sasa kipandikize, mizizi ndani ya mchanga, shina juu. Kile kiazi mama usikiguse, kitachipua tena. Mimi kimoja kimenipa watoto wanne, wawili wako kwa shemeji Kigamboni.

ZUHURA: Na wale waliopanda Aponogeton, ule mmea mwingine wa majini wenye kiazi, majani yakianza kufa yote?

BARAKA: Hao wasing'oe. Aina nyingi za Aponogeton hupumzika, majani yanakwisha kiazi kikiwa salama. Baada ya miezi michache kinaamka. Kitazame ugumu wake tu.

ZUHURA: Haya, nipe hilo bakuli nikishike. Eeh! Kaka, hapa pembeni kuna kinukta chekundu.

BARAKA: Wapi? Lete kwenye mwanga... Ndilo chipukizi hilo. Jana usiku halikuwepo.