Tuanze na Kiti

Ndugu zangu, hamjambo. Mnataka kujua miguu itawezaje kilomita 160 za safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha za hisani. Ya miguu nitayapitia haraka, kwa sababu wengi niliowaona wakishuka njiani hawakushindwa na miguu. Walishindwa na makalio na tumbo.

Mna miezi mitatu. Endesha mara tatu au nne kwa wiki, siku nyingi kwa mwendo wa kupiga soga bila kuhema. Safari moja ya wiki iwe ndefu, nayo uirefushe kidogo kidogo. Kila wiki ya nne punguza, mwili upone. Si lazima ufike 160 kabla ya siku yenyewe. Ukimaliza 120 na kesho yake ukapanda ngazi bila kushika ukuta, uko tayari. Wiki ya mwisho usifidie ulichokosa. Pumzika.

Sasa makalio. Chekeni, saa ya tano hamtacheka. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kila ukikanyaga na ngozi inachubuka. Na ile kaptula yenye sponji haivaliwi na chupi, jamani. Mishono ya chupi ndiyo inayochuna. Vidole viwili vya mwisho vikiingia ganzi, ni neva ya kiganja imebanwa, basi hamisha mikono kwenye usukani mara kwa mara.

Tumbo nalo lina mazoezi yake. Sukari iliyomo kwenye misuli na ini hutosha takriban saa moja na nusu au mbili za kukanyaga kwa nguvu, kisha mtu huzima ghafla. Kwa hiyo kula kabla ya njaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, tangu saa ya kwanza, na kiwe chakula ulichokizoea mazoezini. Mimi mwaka mmoja nilipewa kinywaji kigeni kituoni, nikakigugumia chote kwa kiu. Kilomita zilizofuata nilizihesabu kwa vichaka.

Kuna jambo la hisani lenyewe. Mwendeshaji aliyechangiwa huona haya kushuka hata goti likimwuma, akifikiria waliomtolea fedha. Niliwahi kujikaza hivyo, nikakaa wiki sita bila kugusa pedali. Mchango ukishatolewa umeshafika. Anayesaidiwa nao hahitaji na goti lako pia.

Haya, leteni baiskeli mbele, mmoja mmoja. Aliyekuja na spana asogee hapa.