Angalia mishono: kusaka maneno marefu ya Kiingereza kwa herufi zake

NEEMA: Karibuni tena, mimi Neema, niko na kaka yangu Salim kama kawaida, na leo sitaki hata salamu ziwe ndefu kwa sababu kuna neno la herufi 15 nataka tulivunje pamoja.

SALIM: Lete dada. Maana wiki hii nzima tumekuwa tunatumiana meseji za herufi tu, saa tano usiku unaniandikia nitafutie neno lenye k mbili zimefuatana, halafu wewe unalala, mimi ndo nabaki macho.

NEEMA: Si ulilipata lakini?

SALIM: Nililipata, na nitasema nililipataje. Anza na la kwako.

NEEMA: Sawa. Sharti lake ni hivi, neno la Kiingereza, herufi 15, na hakuna herufi hata moja inayojirudia. Sasa watu wengi wakisikia hivyo wanaanza kupekua kichwani neno moja moja, hili lina s mbili tupa kule, hili lina e mbili tupa kule, hapo utachoka kabla hujafika popote. Mimi naanza na mkia. Sisi waongeaji wa Kiswahili hili tunalo tayari, mtu akikwambia walichotuandikia huliskii kama donge moja, unasikia wa, li, cho, tu, andik, i, a, vipande vimeshikana. Kiingereza nacho neno likishakuwa refu ni hivyohivyo, kuna kitu mbele kuna kitu nyuma.

SALIM: Kwa hiyo unapitia mikia kwanza.

NEEMA: Napitia mikia. Ile ya -ness ina s mbili, imekufa. Ile ya -ability ina i mbili, nayo imekufa. Ya -ation haijirudii ila inakula vokali tatu kwa mpigo, na vokali hapa ndo mtaji wako, una a, e, i, o, u, basi, na y ukiikopa inakuwa ya sita. Nikaja kwenye -able, inakula a na e tu, hiyo naichukua. Na neno likiishia na -able mara nyingi mbele linapokea un-, kwa hiyo u na n zimeshatumika. Hesabu, herufi sita tayari, zimebaki 9 za katikati na vokali nilizobakiwa nazo ni i, o na y tu.

SALIM: Herufi 9 zenye i, o na y… subiri kwanza. Copy? Copyright!

NEEMA: Ndiyooo! Uncopyrightable! Kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Herufi 15, hesabu mwenyewe, na vokali zote tano zimo na y juu yake.

SALIM: Aisee. Yaani hujalikumbuka, umelijenga.

NEEMA: Ndo maana nalipenda. Kuna lenzake la herufi 15 pia, dermatoglyphics, taaluma ya mistari ya ngozi, zile alama za vidole, lakini hilo limeundwa kwa vipande vya Kigiriki, derma ni ngozi na glyph ni kuchonga, usipovijua hivyo vipande hulifikii. La kwanza mtu yeyote anaweza kulifikia akikaa na kalamu.

SALIM: Haya sasa niseme la k mbili. Nilianza vibaya, nilikuwa natafuta neno ambalo k mbili zimo ndani ya mzizi wake, hakuna kitu. Kiingereza ndani ya mzizi kinaandika ck, sio kk. Baadaye nikajiuliza, hizi k mbili zinaweza kukutana wapi? Zitakutana pale neno moja linapoisha na jingine linapoanza, kwenye mshono. Kwa hiyo nitafute neno linaloishia na k, niliunge na linaloanza na k. Book, keeper. Na nikapata zawadi juu, maana bookkeeper ina o mbili, k mbili, e mbili, jozi tatu zimepangana bila kitu kati yake.

NEEMA: Hiyo ya mshono ndo siri kubwa na nataka watu waishike. Ukipewa herufi ambazo hazipendani, zile zikikaa pamoja mdomo unakataa, usizitafute ndani ya neno, zitafute kwenye mshono. Mfano mtu akikuambia konsonanti 6 mfululizo, ukiwaza neno la kawaida utasema haiwezekani. Lakini catchphrase iko pale, tch ya catch inagonga phr ya phrase. Latchstring vilevile, tch na str.

SALIM: Na rstu? Ile ya herufi zilizofuatana kama kwenye alfabeti.

NEEMA: Understudy! Under inaishia na r, study inaanza na stu. Overstuffed pia. Mshono tena.

SALIM: Mimi nina swali, lile neno la herufi 45 la ugonjwa wa mapafu, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, unalihesabu? Maana kila mtu ukimwambia maneno marefu analileta hilo.

NEEMA: Nalijua ila silipendi. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, alikuwa rais wa National Puzzlers' League kule Marekani, chama cha watu wa mafumbo, na lilibuniwa makusudi liwe refu. Ni kama kushona kanzu ya mita mia halafu useme ni ndefu kuliko zote, hakuna anayeivaa. Mimi naheshimu neno ambalo watu walilihitaji, halafu likatokea kuwa na umbo la ajabu.

SALIM: Hapo tunatofautiana kidogo lakini tuendelee. Sentensi je? Maana kuna zile zenye herufi zote 26 za alfabeti ya Kiingereza.

NEEMA: Ya yule mbweha, the quick brown fox jumps over the lazy dog, ina herufi 35, ndo watu wamekuwa wakijaribia taipureta na mitindo ya herufi kwenye kompyuta. Pack my box with five dozen liquor jugs inashuka mpaka 32. Sphinx of black quartz, judge my vow, 29.

SALIM: Na ile ya 26 kamili! Cwm fjord bank glyphs vext quiz. Kila herufi mara moja tu, mimi hiyo inanisisimua.

NEEMA: Inasisimua ila sikiliza sasa, cwm ni bonde kwa Kiwelisi, vext ni tahajia ya zamani, yaani kila herufi unayoipunguza unalipa kwa maana. Ya 29 kwangu ndo bora, unaielewa na inasikika kama mtu anaapa.

SALIM: Sawa. Kwenye kutafuta, kompyuta unaruhusu? Maana kuna programu ya kutafuta maandishi inaitwa grep, ya Ken Thompson, ipo tangu 1973, na kompyuta nyingi zenye mfumo wa Unix zinakuja na faili la orodha ya maneno. Unaandika alama ya mwanzo wa neno, herufi unazozitaka ndani ya mabano ya mraba, kinyota, alama ya mwisho, unabonyeza. Mimi niliweka mstari wa juu wa kibodi tu, q mpaka p, ikanitolea typewriter, proprietor, perpetuity, repertoire, yote ya herufi 10.

NEEMA: Naruhusu, ila baada ya kuhangaika kwanza na kichwa. Na ukishapata orodha usiifunge, isome, jiulize kwa nini haya yametoka. Mbona re, pre, per zimejaa hapo? Kwa sababu e, r, t, i, o zote zimekaa mstari wa juu. Hizo ni herufi zinazofanya kazi nyingi sana kwenye Kiingereza, ndo maana Alfred Butts alipobuni Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, akaipa e vigae 12 kati ya 100, q na z kimoja kimoja kwa pointi 10.

SALIM: Haya nipe moja hapahapa, bila kompyuta.

NEEMA: Neno refu, vokali yake iwe i peke yake. Y haihesabiwi.

SALIM: I tu… mkia kwanza. Ile -ability ina a, hapana, ila kuna -ibility! Imebeba i tatu yenyewe. Mzizi wenye i tu… vis… divis… divisibility! Herufi 12.

NEEMA: Hujamaliza. Mbele je?

SALIM: Mbele… in! Indivisibility! 14, i sita!