Chupa ya chai ya Tuntu (meno, sukari na sahani zetu za huku juu)

TUNTU: Kamweneee wasikilizaji wetu popote mlipo, Uyole, Tukuyu, Makambako, na nyie wa Iringa mnaotusikiliza mkiwa mmejifunika mablanketi. Aisee baridi ya leo hapa Mbeya sio ya kitoto, mi nimekuja na chupa yangu ya chai kabisa kwaiyo mkisikia sauti ya kufyonza humu ndani msishangae ni mimi napasha koo. Niko na dada yangu Sekela kama kawaida.

SEKELA: Ndaga fijo. Tuntu, kabla hatujaenda popote, hiyo chupa inatoa vikombe vingapi?

TUNTU: Vinne. Vitano ukimimina kibahili.

SEKELA: Na sukari unaweka kiasi gani?

TUNTU: Naiweka humohumo nikiwa napika, sipimi, naonja tu mpaka ikolee. Kwani leo mada ni meno au chai yangu?

SEKELA: Ndo mada yenyewe hiyo. Kwa msionijua, mi ni tabibu wa meno, magego niliyong'oa nikiyapanga yanaweza yakafika Mafiati, na huyu mdogo wangu wiki iliyopita kanipigia saa nane usiku analia jino.

TUNTU: Nilikuwa nakusalimia.

SEKELA: Saa nane usiku.

TUNTU: Haya, lilikuwa gego la chini kulia. Nikasaga karafuu nikashindilia kwenye tundu, ikatulia kama masaa mawili hivi afu maumivu yakarudi na ukoo wao wote. Na nisivyo na bahati, miaka miwili nyuma nilienda sehemu moja sitaitaja wakanitolea jino la jirani, lile bovu wakaliacha linanicheka.

SEKELA: Pole jamani, hiyo inauma hata kuisikia. Karafuu inatia ganzi kweli, ina mafuta yake flani na sisi wenyewe tunayatumia kazini, ila ganzi ikiisha tundu liko palepale. Sasa tundu linatoka wapi?

TUNTU: Bibi yangu kule Tukuyu alikuwa anasema kuna mdudu anatafuna.

SEKELA: Bibi hakuwa mbali. Wadudu wapo, ni bakteria, ila hawatafuni. Wanaishi kwenye ukoga, ule utando ambao asubuhi ukipitisha ukucha kwenye jino unatoka kama uji umeganda. We ukila sukari na wao wanakula, wakishashiba wanatoa asidi, na ile asidi ndo inayeyusha jino, inanyofoa madini, kalsiamu na fosfeti, kidogo kidogo. Kile kipimo cha asidi, pH, ambacho asidi ikizidi chenyewe kinashuka, kikifika chini ya 5.5 hivi gamba la juu la jino linaanza kuyeyuka, na kinashuka ndani ya dakika chache tu toka umeonja kitu kitamu.

TUNTU: Afu kinapanda saa ngapi?

SEKELA: Nusu saa, wengine mpaka saa nzima. Mate ndo yanafanya hiyo kazi, yanapunguza makali ya asidi afu yanarudisha yale madini kwenye jino. Yani mate ni fundi wa bure uliyenaye mdomoni ila umuache afanye kazi. Sasa we toka tumeanza kuongea umeshapiga mafunda saba, nimehesabu, na kila funda fundi anaambiwa shuka kwenye ngazi.

TUNTU: Dah. Kwaiyo bora niibugie yote kwa mkupuo?

SEKELA: Kwa meno, ndio! Watu wananishangaa nikisema hivi ila ni kweli kabisa, kikombe kimoja cha chai tamu ukinywa na chapati zako saa mbili asubuhi ukamaliza kina madhara madogo kwa jino kuliko kikombe hichohicho ukikinywa kidogokidogo mpaka saa sita. Kuna jambo lilifanyika Uswidi miaka ya 1940, kwenye hospitali moja inaitwa Vipeholm, ya watu wenye ulemavu wa akili. Walipewa sukari kwa namna tofauti, wengine ndani ya chakula, wengine pipi za tofi zile za kunata katikati ya milo. Waliopewa sukari kwenye mlo meno yao hayakuharibika sana. Wa tofi yaliisha.

TUNTU: Ila si waliwaharibu makusudi hao watu?

SEKELA: Makusudi, na hawakuwaomba ruhusa, ni doa kubwa hilo hata leo linasemwa. Lakini majibu ndo hayo tunayatumia mpaka leo, na ndo ikaja ile desturi ya Waswidi kuwapa watoto pipi Jumamosi tu. Mi sioni kwanini na sisi tusiwe na Jumamosi yetu, mtoto ale ubuyu wake na ice cream yake siku moja ashibe, kuliko pipi moja moja kila akitumwa dukani.

TUNTU: Na wale madereva wenzangu wa bajaji wanaoshinda na pipi kifua mdomoni?

SEKELA: Wale naonana nao sana. Waambieni wakatafune bigijii isiyo na sukari, hiyo inaleta mate.

TUNTU: Haya, umesema mlo, umesema mara ngapi. Kiasi je? Maana mi nikibugia mara moja si nimemaliza tatizo.

SEKELA: La meno umelipunguza, la mwili bado. Shirika la Afya Duniani 2015 walisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Niambie, sukari unanunuaje?

TUNTU: Robo robo. Robo nakaa nayo siku tatu.

SEKELA: Na unaishi peke yako.

TUNTU: Naishi peke yangu dada, hilo nalo ulitangaze.

SEKELA: Gramu 250 gawanya kwa tatu, 83. Vijiko kama ishirini kwa siku, na sijagusa soda wala andazi. Soda ya kola kila mililita 100 ina gramu kumi na ushee, ile chupa ya 350 peke yake imeshapitiliza kipimo cha siku.

TUNTU: (anafunga chupa ya chai)

SEKELA: Usiifunge kwa hasira. Na hapa ndo mdomo unapokutana na mwili, maana wengi wanadhani meno yana hospitali yake na mwili una ya kwake. Mtu mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa fizi zake zinaumwa haraka na haziponi vizuri, na fizi zikishakuwa na maambukizi nazo zinafanya sukari kwenye damu iwe ngumu kushuka, ni njia ya kwenda na kurudi. Mi nikiona mtu mzima meno yanalegea mengi kwa wakati mmoja namwambia kapime sukari kwanza.

TUNTU: Na fizi kutoka damu? Mi nikipiga mswaki povu linakuwa la pinki. Mama anasema nile machungwa.

SEKELA: Mama ana hoja ya zamani. Kuna ugonjwa unaitwa kiseyeye, unatokana na kukosa vitamini C, mabaharia walikuwa wanakufa nao. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, akachukua mabaharia 12 wagonjwa akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake, wengine siki, wengine maji ya bahari, wawili wakapewa machungwa na malimau. Hao wawili ndo walipona haraka. Vitamini C inatumika kujenga ile nyama inayoshikilia jino. Lakini huku kwetu kwenye mapera, viazi, na mboga kila kona, fizi ikitoka damu siwazi kiseyeye, nawaza ukoga. Na kosa kubwa watu wakiona damu wanaacha kupiga mswaki pale, wakati ndo pa kupiga, taratibu.

TUNTU: Umesema mapera.

SEKELA: Pera linalishinda chungwa kwa vitamini C zaidi ya mara tatu kwa uzito uleule, na wala hatulinunui, tunalirushia mawe likiwa juu ya mti.

TUNTU: Sa nina swali linanisumbua. Huku ndo kwenye chakula. Mchele Kyela, viazi Njombe, ndizi Rungwe, parachichi zinapanda ndege. Mbona kila mwaka tunasikia udumavu ni huku huku?

SEKELA: Eee, hapo umegusa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9, nchi nzima ni 30. Tumbo limejaa ila limejaa kitu kimoja. Mtoto anapewa uji wa sembe mweupe asubuhi, ugali mchana, mama yuko shambani toka alfajiri, kijiko cha karanga hamna, yai limeenda kuuzwa mnadani. Ukikoboa mahindi ukapata sembe umetupa kiini na pumba, na huko ndo kuna vitamini B nyingi na nyuzinyuzi. Dona watu wanaiona chakula cha shida, mi inanikera sana hiyo.

TUNTU: Na meno yanaingiaje?

SEKELA: Meno ya utotoni yanaanza kujengwa mtoto akiwa tumboni, na magego ya kwanza ya ukubwani gamba lake linaanza kujengwa karibu na kuzaliwa. Mtoto akikosa lishe kipindi kile gamba linatoka jembamba au lina vishimo, na seli zinazolijenga zikimaliza kazi zinakufa, harudi fundi tena. Kwaiyo mjamzito wa Kyela akila usipa na miba yake, hiyo ni kalsiamu, akala maharage, akala mboga na kipande cha parachichi maana mafuta yake yanasaidia vitamini A kuingia mwilini, hapo anajenga meno ambayo hajayaona. Na chai, jamani, aipishe na mlo kama saa nzima, inazuia madini ya chuma ya maharage yasiingie.

TUNTU: Chai imefanya nini leo! Haya tuna ujumbe wa sauti wa mama mmoja, mtoto wake wa miezi saba anaharisha na ana homa, jirani anamwambia ni meno ya plastiki yakatolewe.

SEKELA: Mama, tafadhali usimpeleke. Kile kinachoonekana cheupe kwenye fizi ni chonge changa ya mtoto wako, jino lake halali kabisa. Wakilichokonoa na kisu au spoku anaweza kupata maambukizi, kutokwa damu nyingi, na jino la ukubwani lililo chini yake likaharibika. Kuharisha kunatibiwa kituo cha afya, mpe maji ya chumvichumvi na endelea kumnyonyesha, nenda leo leo usisubiri kesho. Na jino likishatoka mpigie mswaki, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele.

TUNTU: Wa Kyela?

SEKELA: Wowote. Akifika miaka mitatu punje ya njegere. Na asilale na chupa ya maziwa mdomoni, usiku mate yanapungua.

TUNTU: Mi gego langu lini?

SEKELA: Jumatatu saa mbili, naliziba kama bado linazibika. Mimina hiyo chai sasa, niionje.

TUNTU: Shika.

SEKELA: ...Mungu wangu Tuntu, hii ni asali.