Ukuta wa Great Zimbabwe Hauombi Jiwe Gumu Tu

Haya, slaidi za historia naziruka, Great Zimbabwe mnaijua, magofu ya mji wa kale kule Zimbabwe, graniti imepangwa juu ya graniti bila udongo wala chokaa katikati. Niende kwenye lile ninalolisema kila nikipewa maiki, jinsi ya kuchagua jiwe la kukarabati kuta zile, maana bado mtu analeta ripoti ya maabara yenye namba moja tu, nguvu ya kubana, yaani jiwe linahimili kubanwa kiasi gani kabla ya kusagika, halafu anasema jiwe limepita. Limepita nini?

Tupige hesabu pamoja. Ukuta wa nje wa lile boma kubwa unafika mita 11 pale ulipo mrefu zaidi. Mita moja ya ujazo ya graniti ina kama kilo 2,650. Zidisha. Jiwe la chini kabisa linabeba kama kilo 3 kwa sentimita ya mraba, basi. Kiwango cha Wamarekani, ASTM C615, kinataka graniti ya ujenzi ihimili megapaskali 131, yaani zaidi ya kilo 1,300 kwa sentimita hiyohiyo. Zaidi ya mara mia nne! Sasa unaniletea cheti kwamba jiwe halitasagika, nani kakwambia kuta zile zinaanguka kwa kusagika? Zinavimba tumbo, mawe ya ndani yanashuka, mizizi inasukuma, watu wanapanda juu, maji yanaingia.

Najua kuna mhandisi hapo nyuma anataka kusema mzigo hauenei sawa, mawe makavu yanagusana kwenye ncha tu. Kweli kabisa! Na jiwe lililoshikwa kwenye ncha mbili linakatika kwa kupinda, sio kwa kusagika, kwa hiyo mbona kupinda hukupima?

Anza na maji jamani. Kausha sampuli kwenye oveni mpaka uzito usibadilike tena, pima, izamishe saa 48, itoe, ifute kwa kitambaa chenye unyevu, pima tena. Kiwango hichohicho kinasema isizidi asilimia 0.40, maana yake jiwe la kilo moja lisinywe zaidi ya gramu 4. Likinywa zaidi uliza kwa nini, mara nyingi lina nyufa ndogo usizoziona kwa macho, au felspa yake, yale madini yanayojaa kwenye graniti, imeshaanza kugeuka udongo wa mfinyanzi. Hapo ndio unakata kipande chembamba cha milimita 0.03 unakiweka chini ya darubini, na unakata cha jiwe la zamani pia, lile lililoanguka, uvilaze pamoja. Bila la zamani unalinganisha na nini?

Mtasema pesa hakuna. Mzani, oveni na ndoo ya maji vinashinda bei ya lori moja la mawe?

Sasa wapi tunatoa jiwe. Vilima vya pale graniti yake inabanduka yenyewe kwa tabaka, jua la mchana na baridi ya usiku, na wajenzi inaelekea waliharakisha kwa moto na maji. Ndio maana mawe yana sura mbili bapa zinazolingana na mistari ya ukuta imenyooka vile. Ukileta jiwe la msumeno, sura yake laini inateleza na haishikani na jirani yake. Ukileta la baruti umenunua nyufa. Na mtu asiniambie atachukua graniti nyeusi ya Mutoko kwa sababu iko Zimbabwe hukohuko, ile ni doleraiti, mwamba mwingine mweusi, wanaiita graniti sokoni tu, haina kwotzi ya maana, yale madini magumu ya graniti, rangi tofauti, inazeeka tofauti.

Kwanza tumia yaliyoanguka, yapo chini ya ukuta pale, yapigwe picha na namba kabla mtu hajayagusa. Yakipungua tafuta mwamba uleule wa graniti lakini nje ya mipaka ya hifadhi, kile kilima ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 1986, hukichimbi ili kukitengeneza.

Muda naona umeisha, saruji sitaigusa leo. Ila kwenye mkataba andikeni kwamba sampuli inachukuliwa kwenye kila lori linaloingia, na anayeichagua ni fundi wenu, sio muuzaji.